Gari linagonga, linatetemeka na linavuta baada ya kubadilisha magurudumu nyumbani

Swali kutoka kwa msomaji wa Ndosho, Goma:

"Nina Toyota RAV4 ya mwaka 2003, usukani kulia, inayoendesha magurudumu yote manne. Wiki iliyopita nilifanya kazi mwenyewe nyumbani: nilitoa magurudumu yangu ya rimu za chuma, nikafunga rimu za alumini za mtumba nilizonunua pamoja na tairi zake. Tangu siku hiyo gari linagonga mbele upande wa kulia nikipita kwenye mawe, usukani unatetemeka kuanzia kilomita 60 kwa saa, na gari linavuta kuelekea kulia. Mekanisie (fundi wa magari) ameniambia amotisere (shokapu) zote mbili za mbele zimekufa, ninunue mpya. Ni kweli? Mimi mwenyewe naweza kuangalia nini kabla ya kutoa pesa? Magurudumu ya zamani bado ninayo uwanjani."

Jibu:

Ndugu yangu, usinunue amotisere bado. Huenda zimechoka kweli. Gari la umri huo likipita kila siku juu ya mawe ya lava ya volkano Nyiragongo, si ajabu shokapu zake kuchoka. Lakini amotisere huchoka polepole kwa miezi, haifi alasiri moja pamoja na kubadilisha rimu. Na hata ikifa kabisa, hailivuti gari upande mmoja kwenye barabara iliyonyooka. Umeleta dalili tatu, na zote zilijitokeza siku ileile uliyogusa magurudumu. Tutaanza na ulichogusa wewe, halafu ndipo tuingie chini ya gari.

Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifurahisha: magurudumu ya zamani bado unayo. Hicho ni kipimo ambacho garaji nyingi za hapa mjini hazina. Yarudishe yote manne, kila moja mahali pake pa awali, kisha tembeza gari kwenye lami ile ile na kwenye mawe yale yale. Mtetemo na kuvuta vikiondoka, mfumo wa chini ya gari hauna hatia katika hayo mawili, na tatizo liko kwenye magurudumu uliyonunua au namna yalivyofungwa. Kugonga kukibaki, basi hapo kuna kifaa kilichokuwa kimelegea tangu zamani, nawe sasa unakisikia zaidi. Jioni moja ya kazi itakupa jibu ambalo kununua amotisere mbili kusingekupa.

Kabla hujapandisha gari tena, tuzungumze kuhusu kriki, yaani jeki, maana hapa ndipo watu huumia. Viwanja vya Ndosho wengi tunavijua: changarawe nyeusi, mwamba uliojitokeza, mteremko usioonekana mpaka gari lianze kuteleza. Weka chini ya kriki ubao mgumu na mpana, wenye unene wa sentimita 4 au 5. Kaza breki ya mkono, kisha zuia mbele na nyuma gurudumu lililo pembe ya mkabala na lile unalolitoa. Usitegemee kuweka gia au herufi P peke yake. Gurudumu moja likiwa hewani, difrensha, ile gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu, huliacha lizunguke bure, na yale yaliyobaki chini yanaweza kuanza kutembea hata gia ikiwa imeingia. Tena ukipandisha gurudumu la nyuma, breki ya mkono inabaki inashika upande mmoja tu.

Mawe ya lava ni mazuri kwa kuzuia gurudumu lisitembee. Kubeba gari hayafai hata kidogo. Yamejaa matundu ya gesi ndani, na jiwe linaloonekana zima hupasuka ghafla likielemewa. Matofali ya saruji ni vilevile. Ukiwa huna stendi za chuma, laza gurudumu ulilolitoa chini ya ukingo wa bodi, karibu na kriki, ili kriki ikianguka gari lilale juu ya tairi. Na usiingize mwili chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake, hata kama ni kwa kuchungulia tu.

Sasa nikuulize: siku ile uliweka kriki wapi? Mahali pake ni kwenye ukingo wa chini wa bodi, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, penye alama mbili zilizokatwa. Kama uliiweka chini ya fimbo nyembamba ya usukani inayoingia kwenye gurudumu, fimbo hiyo inaweza kuwa imepinda, na hilo peke yake lingetosha kulivuta gari. Alama yake ni usukani: ukienda mbele moja kwa moja na usukani umekaa upande, wakati zamani ulikuwa umenyooka, angalia fimbo hizo mbili, linganisha ya kushoto na ya kulia.

Ukitoa gurudumu, usilitupe kando haraka. Tazama uso wa habu, pale rimu inapolala. Vumbi letu jeusi likichanganyika na maji na kutu huganda kama saruji. Punje moja chini ya rimu inatosha kulilaza gurudumu upande, nalo likayumba kila mzunguko. Safisha kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, upande wa habu na upande wa ndani wa rimu. Usipake grisi kwenye bolti wala kwenye uso huo: kipimo cha kukaza nati kinahesabiwa nati zikiwa kavu. Grisi kidogo sana inaruhusiwa kwenye mdomo wa duara wa katikati tu, ili rimu isigande tena.

Huo mdomo wa katikati una maana kubwa kwako. RAV4 yako ina bolti tano na mdomo wa habu wenye kipenyo cha milimita 60.1. Rimu za mtumba, hasa zilizotengenezwa kuuzwa kwa magari ya aina nyingi, mara nyingi zina tundu kubwa kuliko hilo. Zinaingia, zinafungwa, zinaonekana sawa, lakini hazikai katikati. Zinahitaji pete ya kuziba nafasi hiyo. Jaribu hivi: ingiza rimu kwenye habu bila nati yoyote, uichezeshe juu na chini. Ikicheza waziwazi, umepata sababu moja ya mtetemo wako.

Halafu nati. Rimu ya chuma hutumia nati yenye kichwa cha koni, inayoingia kwenye shimo lenye umbo hilohilo. Baadhi ya rimu za alumini za Toyota zina mashimo bapa, na nati zake zina shingo ndefu na washa bapa. Je, ulitumia nati zako zilezile za rimu za chuma? Tazama mashimo ya rimu mpya. Kama ni bapa na nati zako ni za koni, gurudumu linashikwa kwenye mzingo mwembamba tu, nati hulegea baada ya kilomita chache, na gurudumu linaweza kutoka. Hilo likiwa ndilo, usiendeshe gari hata mpaka sokoni. Rudisha magurudumu ya chuma hapohapo.

Kukaza nako kuna kipimo: kwa gari lako ni newton-mita (Nm) 103. Wengi hatuna spana ya kipimo nyumbani, kwa hiyo nikupe hesabu ya mkono. Spana yenye urefu wa sentimita 50 inahitaji nguvu ya kilo 21 hivi kwenye ncha yake. Yenye sentimita 30 inahitaji kilo 35. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu juu ya spana ya nusu mita, kama tunavyoona kila siku pembeni ya barabara, anakaza zaidi ya mara tatu ya inavyotakiwa. Bolti zinavutika, na diski ya breki inapinda kidogo, kisha usukani unaanza kutetemeka unapokanyaga breki. Kaza nati kwa kurukaruka kama unavyochora nyota, kwanza kwa mkono gurudumu likiwa hewani, kisha shusha gari na umalizie likiwa chini. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikague tena.

Tukija kwenye mtetemo wenyewe: ukiusikia kwenye usukani, chanzo mara nyingi kiko mbele, ukiusikia kwenye kiti, angalia nyuma. Uzito usio sawa wa tairi hujitokeza kwenye mwendo na hutoweka ukipunguza. Rimu iliyopinda huyumba hata ukitembea polepole. Pandisha gurudumu la mbele, breki ya mkono ikiwa imekazwa na mawe yamewekwa, weka gia huru, simamisha kijiti kikikaribia ukingo wa rimu bila kuugusa, kisha zungusha kwa mkono. Gurudumu la RAV4 inayoendesha yote manne litazunguka kwa uzito kiasi, hiyo ni kawaida yake. Nafasi kati ya kijiti na rimu ikibadilika milimita 2 au zaidi, rimu imepinda, na hakuna amotisere itakayoinyoosha. Rimu nzima lakini inatetemeka? Ipeleke kwenye mashine ya balansi kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kwenye tairi yenyewe tafuta uvimbe, ubavuni na pale inapokanyaga. Soma pia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya umri huo inaweza kuwa na meno mazuri ya kumvutia mnunuzi huku nyuzi zake za ndani zimeachana, na tairi ya namna hiyo hutetemesha na kuvuta kwa pamoja.

Kuvuta kulia kunahitaji subira kidogo. Barabara nyingi zimeinamishwa kandoni ili maji yatoke, na sisi tunapita kulia, kwa hiyo gari lolote litaelea kulia kidogo ukiachia usukani. Jaribu mahali palipo tambarare. Pima upepo asubuhi kabla ya kutembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, maana tairi moja yenye upepo mdogo huvuta kuelekea kwake. Likiendelea kuvuta, badilishana magurudumu mawili ya mbele, la kushoto liende kulia. Kama sasa linavuta kushoto, ni tairi. Kama bado ni kulia, kosa liko kwenye gari: mwelekeo wa magurudumu, kifaa kilichopinda, au breki inayoshika. Breki inayoshika utaitambua baada ya safari fupi usiyokanyaga breki sana: sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, moja itakuwa na joto kuliko mwenzake. Tairi zenye mshale wa mwelekeo usizibadilishane hivyo isipokuwa kwa jaribio fupi sana, bila mvua.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza na linanitia wasiwasi kuliko amotisere. RAV4 za kizazi chako zilikuja na tairi za 215/70R16 au 235/60R16. Ya kwanza ina mzunguko wa mita 2.22 hivi, ya pili mita 2.16. Tofauti ni karibu sentimita 6 kwa kila mzunguko. Mtumba wa Goma mara nyingi huja mchanganyiko. Ukifunga mbili za aina moja mbele na mbili za nyingine nyuma, difrensha ya katikati na kiungo chake cha mafuta mazito vinafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, vinapata moto, na mwisho vinaharibika. Gharama yake ni kubwa mara nyingi kuliko amotisere. Chukua utepe wa fundi cherehani, zungushia kila tairi, andika namba nne. Zikitofautiana zaidi ya sentimita moja au mbili, usitembelee seti hiyo.

Sasa kugonga. Hapa mekanisie wako anaweza kuwa na haki nusu. Kwanza ondoa yale mepesi: kriki na spana ulivirudisha na kuvifunga mahali pake? Gurudumu la akiba kwenye mlango wa nyuma limekazwa? Ukikata usukani mpaka mwisho, tairi mpya haigusi plastiki ya ndani au mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na sehemu ya chini ya gari? Rimu pana, au iliyokaa nje kuliko ya awali, hugusa hasa gari likizama kwenye shimo, na sauti yake husikika kama chuma kinachogonga. Tafuta mahali palipong'arishwa na kusuguliwa.

Halafu fikiria tairi zenyewe. Ubavu wa 235/60 ni mfupi kwa karibu sentimita moja kuliko ule wa 215/70. Jiwe ambalo zamani lilimezwa na mpira sasa linafika kwenye vyuma. Kifaa kilichokuwa kimeanza kulegea kinapata sauti. Na upande wa kulia ndio wa kwanza kutoa sauti kwenye magari yetu ya usukani wa kulia: mashimo ya ukingo wa barabara na uzito wa dereva vyote vinaangukia gurudumu lilelile.

Pandisha upande huo kwa bodi. RAV4 ina springi na amotisere pamoja mbele, kwa hiyo gurudumu likining'inia, rotili ya chini, yaani boljointi, inakuwa huru na ulegevu wake unaonekana. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki huku wewe unaendelea. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu, rulma. Ukibaki, ni rotili au viungio vya mkono wa chini. Ingiza chuma kati ya mkono wa chini na kipande kinachobeba habu, inua taratibu, uone kama kiungo kinafunguka. Kisha shika tairi kushoto na kulia: mchezo hapo mara nyingi ni wa vichwa vya fimbo za usukani. Silambloku, zile bushi za mpira za mkono wa chini, zitazame kwa tochi ukiusukuma mkono kwa chuma. Mpira uliopasuka mpaka chuma cha ndani kihame unagonga hasa unapoanza kuondoka na unapofunga breki.

Ninachoshuku zaidi, kwa maelezo yako, ni bieleti, zile fimbo fupi zinazounganisha stabilaiza, chuma kinachozuia gari kuinama upande kwenye kona, na amotisere. Hugonga haraka haraka kwenye mawe madogo, kwa mwendo mdogo, na hunyamaza kwenye lami. Watu wengi huzipima vibaya: gurudumu moja likiwa juu, stabilaiza inajikaza na kuzibana bieleti, kwa hiyo iliyolegea huonekana nzima. Ipime magurudumu yote yakiwa chini. Kata usukani ili upate nafasi ya mkono, shika kichwa cha bieleti kwa vidole huku mtu akitikisa gari juu na chini kutoka nje. Iliyokufa utaisikia inagonga ndani ya vidole vyako. Ni kifaa cha bei ndogo na kinafungwa kwa nati mbili.

Sauti ikija ukikata usukani gari limesimama, shika springi kwa mkono kutoka juu ya tairi huku mwingine akizungusha usukani pole pole. Springi ikiruka badala ya kuzunguka laini, kiti cha juu cha amotisere kimechoka.

Ukimaliza hayo yote, ndipo uzihukumu amotisere. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu na uachie: inapaswa kupanda na kutulia, ikiendelea kucheza, imeisha. Tazama mwili wake: ukungu mwembamba wa mafuta si kosa, lakini mafuta yanayotiririka na kushika vumbi mpaka chini ni kosa. Na nenda ukatazame tairi zako za zamani uwanjani. Tairi ulizozitoa ndizo zenye habari za gari lako. Hizi ulizofunga zina habari za gari la mtu mwingine. Pitisha kiganja kuzunguka mzingo wote. Mabonde yanayopishana na vilima ni alama ya amotisere zisizoshika. Ukingo wa ndani ulioliwa peke yake ni mwelekeo wa magurudumu. Kingo zote mbili zimeliwa, ulikuwa unatembea na upepo mdogo.

Kama mabonde yapo, mekanisie wako amesema kweli kuhusu amotisere, na unazinunua zote mbili za mbele kwa pamoja. Kazi hiyo lakini usiifanye nyumbani. Springi imebanwa na nati moja ya katikati juu ya amotisere, na ukiifungua bila kibano cha springi inaruka kwa nguvu ya kuua. Akibadilisha mkono wa chini au bushi zake, mwombe akaze bolti za bushi mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gurudumu likining'inia, mpira unabaki umejisokota na kupasuka mapema. Baada ya kazi yoyote ya namna hiyo, pima mwelekeo wa magurudumu, paralelizimu.

Bieleti inayogonga unaweza kuivumilia mpaka mwisho wa mwezi. Rotili yenye mchezo, nati za umbo lisilofaa na tairi yenye uvimbe havisubiri: gari libaki uwanjani mpaka virekebishwe, hata kama ni safari ya kutoka hapa hadi mji jirani wa Sake tu. Niandikie namba ulizopata kwenye utepe, umbo la mashimo ya rimu na kilichotokea uliporudisha magurudumu ya chuma, nami nitakuambia cha kununua kwanza.